Vidonge Vilivyomnawirisha Dada Yetu

Ndugu wafiwa, majirani, mafundi wenzake na marehemu, na nyote mliofika kutoka mbali na karibu, familia imenipa mimi kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, mimi ninayemfuata kwa kuzaliwa, ambaye kazi yangu ni kuendesha basi la shule na sikuzoea kusimama mbele ya watu wazima walionyamaza, kwa hiyo mtanivumilia nikikwama, maana katika karatasi hii kuna sehemu ambazo hata wakati wa kuziandika mkono ulikuwa mzito.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha unga, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba aliyekuwa mlinzi wa kinu hicho na mama aliyekuwa akishona mashuka. Alizaliwa mdogo, akakua mwembamba, na wembamba wake haukutokana na njaa, kwani alikula sahani yake akamalizia na yangu, ila ndivyo alivyoumbwa, hata watoto wa mtaani wakampa jina la Uzi, wakamwambia asitoke nje upepo ukivuma, naye akawajibu kwamba bila uzi wangetembea uchi. Jina hilo likamganda, na wengi wenu hapa hamjui jingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1982, akamaliza mwaka 1988, akafaulu kwenda sekondari, lakini baba alipofariki mwaka 1990 aliacha masomo akiwa kidato cha pili, si kwa kulazimishwa na mtu, aliamka tu asubuhi moja, akaikunja sare yake vizuri, akaenda kwa fundi wa makochi aliyekuwa na karakana kando ya ghala la mbao, mzee tuliyemwita Springi kwa sababu alitembea kama anayerukaruka. Mzee Springi alimtazama juu mpaka chini, akamwambia, "Binti, hii kazi ni ya misuli, gunia lenyewe ni zito kuliko wewe," naye akamjibu, "Nijaribu wiki moja, nikishindwa nifukuze kabla ya chakula cha mchana." Hakufukuzwa. Alijifunza kukaza springi, kulaza gunia, kukata sponji kwa kisu cha mkate, na kubana misumari midomoni huku akiendelea na umbea bila kumeza hata mmoja, na mzee alipochoka, mwaka 2001, alimwachia karakana yote, nyundo, mashine na madeni ya wateja yasiyoandikwa popote.

Wapo hapa wanaokalia kazi ya mikono yake kila siku, kinyozi wetu, karani wa posta, mwalimu mkuu, na wote mnajua tabia yake ya kuingia nyumba ya mtu na kulipiga kochi kwa kiganja, kisha kusema bila aibu kama limejazwa sponji au limejazwa matambara.

Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori la kinu, ambaye alifika karakana kushonewa kiti cha lori, akarudi mara nyingi mno kwa kiti kimoja, mpaka Mzee Springi akamwuliza kama lori lake lina viti au lina ukumbi. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1999, ambaye leo anafanya kazi kwenye duka la mikate, na kijana aliyezaliwa mwaka 2004, ambaye ndiye aliyebaki na funguo za karakana.

Ndugu zangu, sasa nakuja kwenye ugonjwa, na nasema mapema kwamba ugonjwa huu haukuingia ndani kwa sura ya ugonjwa, uliingia kwa sura ya afya, ukakaribishwa, ukapewa kiti.

Mwaka 2017 vidole vya dada vilianza kuuma, vikifuatiwa na magoti, ikawa kila asubuhi anakaa kitandani akiifungua mikono yake polepole kama mtu anayekunjua nguo iliyokauka vibaya, na kwa fundi anayeishi kwa kuvuta kamba na kupiga nyundo hilo halikuwa jambo dogo. Alikuwa na rafiki, aliyeketi naye dawati moja tangu darasa la kwanza, mwanamke mwenye kibanda cha sabuni na vitana pale kwenye kona, tunayemwita Mama Afya, na huyu, kwa upendo, nasisitiza neno hilo, kwa upendo, alimletea vidonge vya rangi mbili ndani ya kopo la maziwa lisilo na karatasi, alivyokuwa akinunua kwa mtu mwenye begi aliyepita mtaani mara kwa mara. Dada alimwuliza ni dawa gani, Mama Afya akasema, "Dawa wapi, shoga, haya ni majani tu, mimi mwenyewe nameza, unanionaje?"

Haikupita wiki dada akakunja ngumi. Alikuja nyumbani kwangu kunionyesha ngumi hiyo, akanipiga nayo begani, tukacheka, na hakuna aliyejiuliza ni majani gani yanayofanya kazi haraka namna hiyo. Maumivu yakaondoka, usingizi nao ukaondoka, akawa anamaliza kochi ambalo zamani lilimchukua siku nyingi, anakula na kurudia, na Uzi, ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kupata shavu, akapata mashavu mawili ya duara, yanayong'aa, na kidevu cha pili chini ya kile cha kwanza.

Nanyi mnakumbuka tulivyompokea. Barabarani, dukani, kila mahali, ilikuwa, "Dada, umenawiri! Shemeji anakutunza!" Shemeji mwenyewe alitembea kifua mbele kama aliyemtia mkewe unene kwa mikono yake, na dada akitania kwamba amebadilishiwa sponji, iliyotolewa ilikuwa ya zamani. Kina mama wa mtaa wakamwuliza siri, hakuwa mchoyo, akawaelekeza kwa Mama Afya, na makopo yale yakaingia nyumba baada ya nyumba, hata wasioumwa viungo wakayanunua ili wanenepe.

Hata hivyo, mwenye macho angeona kwamba unene ule haukukaa sawasawa. Tumbo lilijaa, uso ukajaa, nyuma ya shingo pakaota kama kimto, lakini mikono na mapaja vilizidi kukonda, na yeye aliyekuwa akiinua fremu ya kochi peke yake akaanza kushika ukuta anaponyanyuka kwenye kigoda. Ngozi ikawa kama karatasi, ukimgusa mkono asubuhi, mchana pana alama nyeusi, na tumboni ikachorwa mistari ya zambarau, binti yake akaiona akashtuka, akaambiwa ni kunenepa. Akawa mkali, yeye aliyekuwa bingwa wa mzaha, anagombana na kijana wake kwa sababu ya mkasi, kisha analia. Mwaka 2022 zahanati ikampima, ikasema ana sukari na presha, wakampa vidonge vya sukari na karatasi ya vyakula, wakamwuliza kama kuna dawa nyingine anatumia, akasema hakuna, na hakusema uongo, kwa sababu moyoni mwake majani si dawa.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 2024, binti alisikia kwenye redio mtu akieleza habari za vidonge vya kunenepesha vinavyochanganywa na dawa kali za hospitali, akarudi nyumbani akamsihi mama yake aviache, wakabishana, lakini dada alikuwa mtu wa kuamua, alichukua kopo, akaenda nalo chooni, akalimwaga lote, akarudi akipangusa mikono, akasema, "Haya, tumeachana, sasa nipikieni." Nyumba nzima ilifurahi. Shemeji alimkumbatia, mimi nilipigiwa simu nikampongeza, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba mlango uliokuwa ukimzuia asianguke ndio alioufungua.

Siku chache baadaye alichoka, uchovu wa ajabu, wa mtu kushindwa kuinua kijiko, akawa akisimama anaona giza, chakula kinamtoka, tumbo linamkata. Mama Afya alikuja kumwona akamtuliza, "Mwili unajisafisha, vumilia," na tukavumilia. Kisha msumari ukamchoma kidole, jambo lililomtokea mara elfu katika kazi yake, lakini safari hii kidole kikavimba, homa ikapanda, na tarehe 5 Machi tukamfikisha hospitali akiwa baridi kama bomba, presha imeshuka mpaka kipimo hakisomi vizuri, sukari nayo, ile iliyokuwa juu miaka miwili, imeanguka chini kabisa.

Walimtundikia maji, wakampa dawa za homa na za kidonda, presha ikapanda kidogo ikashuka tena, mpaka kesho yake akaja daktari mwanamke, kijana, akamtazama dada usoni kwa muda mrefu, akamfunua mikono, akaona ule wembamba na zile alama, akatugeukia akauliza, "Alikuwa anameza nini, na ameacha lini?" Shemeji akasema, "Majani tu, daktari." Daktari akasema, "Baba, majani hayafanyi hivi," akaagiza sindano hapo hapo.

Alitueleza baadaye, nami nayasema kama alivyoyasema, maana yanawahusu wengi. Alisema juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia, na kila siku kabla hujafumbua macho tezi hiyo hutoa homoni inayouamsha mwili, inayoliambia ini litoe sukari ya akiba, inayoshikilia presha, na ukiumia au ukiugua hutoa nyingi zaidi ili ustahimili. Mtu akimeza homoni ya aina hiyo kila siku kutoka nje, tezi huona kazi imeshafanywa, hulala, husinyaa, na siku atakayoacha ghafla ataiita na haitaitika. Wakati huo vidonge vyake vya sukari vilikuwa vikiendelea kuishusha sukari, na mwilini hamkuwa na kitu cha kuipandisha. Shemeji akauliza kuhusu kunenepa, daktari akamjibu kwamba homoni hiyo ikizidi huvunja nyama ya mikono na miguu ikaigeuza sukari, na mafuta huyahamishia usoni, shingoni na tumboni. Shemeji akasema, "Kumbe tulikuwa tunausifu ugonjwa."

Sindano ile, yenye homoni ambayo tezi yake ilishindwa kuitoa, ilimrudisha. Alasiri ya tarehe 6 alikaa, akanywa uji, akaliangalia benchi nililokalia akaniambia fundi wake ni mwizi, akamwita binti akamshika mkono, akamwambia, "Usije ukajibebesha lawama, wewe ulisema kweli." Lakini sumu ya kidole ilikuwa imeshaingia kwenye damu wakati mwili hauna wa kuulinda, na siku ya Ijumaa, tarehe 8 Machi 2024, mchana, dada yetu alifariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Wewe mpwa wangu, umesikia maneno ya mama yako, leo nayarudia mbele ya watu wote ili asitokee mtu wa kukuambia mengine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, na kwa namna ya pekee yule daktari aliyeuliza swali, inawashukuru majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wa karakana na wa ghala la mbao waliotengeneza jeneza kwa mikono yao, wafanyakazi wa kinu na wa duka la mikate, na wote ambao sikuwataja, si kwa kuwasahau.

Nimebakiza jambo moja. Tangu asubuhi naona mnamtafuta Mama Afya kwa macho, wengine kwa huruma, wengine, tuseme ukweli, kwa hasira, na jana niliwasikia vijana wakisema watakwenda kukivunja kibanda chake. Hayupo. Jumatatu majibu ya maabara yalipotoka, yakionyesha ndani ya vidonge tulivyopeleka kutoka kopo la jirani kuna homoni ya hospitali iliyosagwa, alilia mpaka sauti ikakauka, akabeba kila kopo alilokuwa nalo akamwaga chooni, na vyake mwenyewe humo humo, maana naye amemeza miaka yote hii, na leo asubuhi mumewe amemkuta sakafuni, anatapika, hawezi kusema. Amelazwa wodi ile ile, na ninaposoma hapa daktari yule yule yuko naye.

Kwa hiyo shemeji ameniagiza niseme hivi, kibanda kisiguswe, na mwenye kopo nyumbani kwake asilitupe kwa hasira wala kwa woga, tena asiruke hata siku moja mpaka aonane na daktari, kwa sababu vidonge hivi huachwa kidogo kidogo chini ya uangalizi, na kuviacha ghafla ndiko kulikotuletea msiba huu. Pale nyuma, karibu na mlango, ameketi muuguzi aliyetumwa na hospitali. Hatamwuliza mtu amenunua kwa nani wala kwa nini, atapima presha na sukari, ataandika barua ya kwenda kwa daktari. Naona wengine mmeanza kushikana mikono, naona na nyuso ambazo mwaka jana tulizisifu. Tafadhalini, nendeni kwake kabla hatujanyanyua jeneza, tutawasubiri, marehemu mwenyewe hakuwahi kumharakisha mtu.

Dada yangu, pumzika kwa amani, sisi acha tuwawahi hawa.