Bi. Ngendo na Barua Isiyo na Salamu

Baada ya miaka thelathini ya utumishi, Bi. Monicah Ngendo, karani mkuu wa ushirika wetu wa wasusi wa vyondo hapa Nyeri, anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba 1999. Kuna wanaosema kompyuta za dunia nzima zitazimika mwaka ukigeuka. Zizimike tu! Sisi tunaogopa ile asubuhi ya kwanza tutakapoingia ofisini na kukuta kiti chake kitupu.

Aliajiriwa mwaka wa 1969 kupiga chapa barua, wakati ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu. Wenyeviti wamekuja na kwenda, paa limevuja na kuzibwa, yeye yupo. Vyondo vyetu vimefika Ujerumani kwa barua alizopiga bila kutazama vidole, huku akimkemea mtu mlangoni.

Maana hilo nalo lisemwe: mama huyu ni mkali. Ukiingia ofisini mwake ukaanza moja kwa moja na shida yako, unarudishwa mlangoni uingie upya, usalimu, uulize habari za nyumbani, ndipo usikizwe. Mkaguzi wa hesabu kutoka Nairobi alirudishwa na mkoba wake wa ngozi. Mwenyekiti wetu, Mzee Gatimu, amerudishwa mara nyingi hivi kwamba siku hizi hubisha hodi hata kwenye ofisi yake mwenyewe.

Kompyuta ilipokuja mwaka juzi, aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, kisha akajifunza. Bwana Murungi, fundi kutoka Meru mwenye duka la kompyuta karibu na soko, ndiye aliyetuunganishia barua pepe. Akatuambia tuchague neno la siri la kuifungulia. Bi. Ngendo akachagua jina la ng'ombe wake, siri iliyojulikana hadi na mnunuzi wa maziwa. Murungi naye alifundishwa adabu: kila barua pepe aliyotuletea ilianza kwa kuuliza hali ya huyo ng'ombe.

Na jamani, ng'ombe huyo ndiye aliyetuokoa. Mwezi wa Agosti mwaka huu kina mama wasusi wa Othaya, kijijini kwa Bi. Ngendo, walikuwa wamekwisha kununua katani na ngozi za mikanda, wakingoja oda ya Krismasi kutoka kwa mnunuzi wetu Mjerumani. Karo za watoto zilitegemea oda hiyo. Asubuhi moja ikaingia barua pepe yenye jina la duka la Murungi. Ilisema sanduku letu la barua litafungwa kabla ya saa sita mchana na kila kilichomo kipotee, tusipotuma neno letu la siri upesi.

Wacha tu! Mzee Gatimu alipiga meza, ati litumwe sasa hivi, oda isije ikapotea. Sophie wa stoo akaanza kuomba kwa sauti. Bi. Ngendo mwenyewe aliketi akaanza kuliandika, na herufi za kwanza zikaonekana kwenye kioo. Halafu mikono ikasimama. Akaisoma barua tena, akasema haijasalimu mtu, wala haijauliza hali ya ng'ombe.

Mwenyekiti alidhani mama amechanganyikiwa. Lakini Bi. Ngendo alishikilia kwamba Murungi hawezi kumkosea hivyo, na kwamba anayekuharakisha kabla hata ya kukusalimu ana kitu anachokitaka kwako. Hakuijibu barua, wala hakuipigia namba ya simu iliyokuwa chini yake. Alichukua mwavuli akaenda dukani kwa miguu. Sisi tukabaki tukiitazama saa ya ukutani.

Saa sita ikapita na sanduku halikufungwa. Akarudi na Murungi, ambaye hakuwa ametuandikia lolote. Tapeli alikuwa amejivika jina lake. Kwa neno lile, Murungi alieleza, tapeli huyo angemwandikia Mjerumani akijifanya sisi, malipo ya jasho la kina mama yaende kwake. Ofisi nyingine hapa mjini ilijibu barua kama hiyo, na hadi leo inaomba radhi kwa barua ambazo haikuandika.

Oda ilifika juma lililofuata, na kina mama wakamsukia Bi. Ngendo kiondo chake mwenyewe, ambacho hakiuzwi. Neno la siri lilibadilishwa, na safari hii hata ng'ombe halijui. Nasi tuna desturi mpya: barua ikikuharakisha, inuka kitini ukamwulize mwenyewe.

Bi. Ngendo, asante kwa ukali wako na kwa kutupenda. Mungu akupe siku ndefu na tamu huko Othaya, magoti yapone, maziwa yajae ndoo. Tafadhali utuandikie, ila anza na salamu, utuulizie wa nyumbani mmoja mmoja. Ikija barua yenye jina lako bila hayo, hatutaijibu. Tutafunga ofisi, tuje sote Othaya kukuona.