Sekunde Tano za Fundi Pindo

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu, mguu mmoja umefungwa waya, mbele ya chumba cha fundi cherehani waliyembatiza Pindo. Asubuhi hiyo kahawa ya Shangazi, muuza kahawa wa kijiweni, ilikuwa ya moto, na mada ilikuwa kifua cha Pindo. Kwa wiki mbili alibandikwa kidude kisichozidi kifungo cha koti. Aliyembandika ni daktari mtafiti, binti aliyekuja kushonesha koti jeupe akamweleza kwamba anachunguza mioyo inayokosea mapigo. Pindo alikubali upesi mno. Sababu hakumwambia mtu, hata mkewe: mara mbili giza lilimwingia machoni akiwa kwenye cherehani. Jana kidude kimebanduliwa, leo anasubiri majibu, anajifanya hana habari.

— Kile kidude kinanasa maneno, alianza Redio, muuza magazeti asiyekosa habari hata ambayo haijatokea. Wiki mbili tumesengenya watu mbele yake!

— Kinanasa mapigo, Redio, Pindo alimjibu. Mapigo tu.

— Acheni ushamba, akadakia Betri, fundi simu. Moyo unaendeshwa na umeme, daktari mwenyewe kasema. Penye umeme pana chaji. Sasa chaji ya wiki mbili iko wapi? Wameivuta!

— Ndiyo maana kakonda! Redio alisema.

— Nimekonda wapi, bwana?

— Mimi nasema wanatafuta mapigo mazuri wampandikizie tajiri, Shangazi alisema akimimina.

— Tajiri gani autake moyo wa Pindo? Redio akadakia. Suruali ya Ijumaa anakupa mwezi ujao. Si tajiri atasubiri pigo mpaka azikwe!

Benchi zima likaangua kicheko. Pindo naye alicheka, ila alichelewa kidogo, na mkono wake ulikuwa ndani ya shati.

Ndipo daktari akatokea, faili kwapani.

— Shikamooni. Fundi, naomba tuongee pembeni.

— Sema hapa hapa, mwanangu. Hawa ni ndugu zangu.

Daktari alisita, kisha akafungua karatasi yenye mstari wa vilima vidogo vidogo. Katikati vilima vilikatika, mstari ukalala.

— Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Hapa moyo wako ulisimama sekunde tano, ukaanza tena wenyewe. Ulikuwa wapi?

— Hapa kijiweni.

Redio akakohoa.

— Alikuwa na sisi. Tulikuwa tunabishana, akainamisha kichwa. Tukadhani kashindwa hoja.

— Tukampigia makofi, Betri akaongeza, sauti ndogo.

Daktari hakucheka.

— Inatibika, fundi. Kuna kifaa cha kuushtua moyo ukisita. Lakini twende hospitali leo hii.

Akawageukia wengine, bila ukali wowote.

— Na alipoinua kichwa, nani alimuuliza kama ni mzima?

Shangazi alitazama ndani ya birika. Betri alikuna goti. Mwishowe Redio, mtu wa majibu yote, akamgeukia rafiki yake wa miaka ishirini.

— Fundi… unajisikiaje?

Pindo alitaka kusema hajambo, kama siku zote.

— Naogopa, alisema.

Betri akaenda kufunga mlango wa chumba cha cherehani. Redio akayaacha magazeti kwa Shangazi, akamshika Pindo mkono, yeye na Betri wakaondoka naye, taratibu, daktari mbele.