Habari za Huko

Benchi lile lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali. Liko mbele ya chumba cha fundi wa kupiga pasi, upande wa kivuli, na kila asubuhi, kabla makaa ya pasi hayajashika vizuri, wenyewe huwa wameshakaa. Breki, dereva wa lori aliyestaafu, alipewa jina hilo kwa sababu akianza kusema hana. Hakimu hajawahi kumhukumu mtu. Alikuwa tarishi wa mahakama, kazi yake kuita majina ya mashahidi mlangoni, kila jina mara tatu, na sheria ilimwingia kwa masikio. Bi Birika ndiye mwenye kahawa, kwa hiyo ndiye mwenye neno la mwisho. Mwenye chumba ni Mkunjo, na suruali ikitoka mikononi mwake, mkunjo wake unaweza kukata kitunguu. Yeye husikiliza tu, mkono kwenye pasi. Habishani. Ndiyo maana asubuhi ile wote waligeuka alipoanza yeye.

— Jamani, ile tamthilia ya jana mliiona?

— Nani hakuiona? Breki akasema. Mtaa mzima ulinyamaza kama umefiwa.

— Sasa yule mwanamke alikuwa analia nini?

Tamthilia yenyewe mtaa uliifuata tangu mwanzo. Mwanamke, mfanyakazi wa makumbusho, anafuta vumbi kwenye koti la askari wa zamani. Anatia mkono mfukoni, na kufumba na kufumbua yuko miaka mia nyuma, katikati ya vita. Huko kapteni mmoja anamficha, kisha anafunga naye ndoa ili asipigwe risasi kama jasusi. Huku nyumbani mumewe anamtafuta hospitali na vituo vya polisi. Jana, mji wa kapteni ukiwa umezingirwa, mwanamke alilipata tena lile koti, akatia mkono mfukoni, akarudi. Mumewe akampokea, akamwandalia meza. Mwanamke akakitazama chakula, akaanza kulia, na sehemu ikaishia hapo.

Alilolificha Mkunjo ni kwamba mkewe, nesi, alikuwa ameketi naye mbele ya runinga. Yule mwanamke alipoanza kulia, mkewe aliinuka, akaenda kuosha sahani zilizokwisha kuoshwa. Naye alikuwa ametoka vitani. Alikwenda ng'ambo ya mpaka na hospitali ya mahema, kutibu majeruhi, akarudi mvua zilipokatika. Na asubuhi hii, alipokuwa akilinyoosha koti lake jeupe la kazi, Mkunjo aliona kifungo kimoja si ndugu wa wenzake. Kilikuwa cha shaba, cha sare ya jeshi, kimeshonwa kwa uzi mweusi. Koti sasa lilining'inia msumarini nyuma yake. Alitaka kujua kama mkewe alirudi mzima mzima, au kuna sehemu yake aliyomwachia mtu huko. Kumwuliza aliogopa. Akaliuliza benchi.

— Analia nini? Breki akakiweka kikombe chini. Analilia kapteni! Hilo nalo la kuuliza? Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi.

— Kikohozi hakitoi machozi, Hakimu akasema.

— Changu kinatoa.

— Lakini amerudi kwa hiari yake, Mkunjo akasema. Hakuna aliyemvuta.

— Umerudi mwili, bwana. Roho iko kule mahandakini. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Hiyo huambiwa mtu aliyekosa mgao, Hakimu akasema.

— Na mumewe kakosa mgao! Kabakiwa na ganda!

Pasi ilikaa kwenye kola muda mrefu kuliko kola ilivyohitaji. Mkunjo akaiinua, akapuliza.

— Ninyi mnasema mapenzi, Hakimu akasema, mimi nasema sheria. Aliolewa na kapteni lini?

— Juzi, ile sehemu ya mvua.

— La hasha. Miaka mia iliyopita. Na huyu mume wa sasa alimwoa lini?

— Mwaka juzi.

— Basi ndoa ya kwanza ni ipi?

Breki akashika breki. Bi Birika akasema leo kaona maajabu.

— Ya kapteni ndiyo ya kwanza, Hakimu akaendelea, ingawa aliifunga baadaye. Kwa hiyo huyu anayempakulia chakula, kisheria, ni mpangaji tu. Mwanamke analia kwa sababu amejikuta nyumbani kwa mwanamume asiye wake. Haraka haraka haina baraka.

— Haraka gani, na mtu kasubiri miaka mia?

Wakacheka. Mkunjo hakucheka.

— Wanaume hamjui kutazama, Bi Birika akasema, akijaza vikombe. Mliliona sikio la kapteni?

— Sikio?

— Limekunjika hapa juu. Na la mumewe je? Limekunjika papo hapo. Sasa zile siku alizokuwa akijifunga shuka kubwa kule, mlidhani ni baridi? Alikuwa mja mzito! Amezaa, kamwachia mpishi wa jeshi mtoto. Mtoto kakua, kazaa, wakazaana. Huyu mume ni nani?

— Nani?

— Kitukuu chake!

— Bi Birika, acha hizo!

— Damu nzito kuliko maji. Kaketi mezani, kaliona sikio, kajua. Wewe usingelia?

— Mimi ningeuliza heshima yangu iko wapi, Breki akasema. Kitukuu kunioa bila hata shikamoo!

Benchi likatikisika, tofali likalalamika, kahawa ya Hakimu ikamwagika gotini. Mkunjo alingoja kicheko kiishe.

— Tuseme hakuna mtoto, akasema. Hakuna sikio, wala hakuna sheria. Mtu karudi kwake, anakula, analala, anaamka. Anaweza kuwa amerudi, na bado hajarudi?

Swali halikuwa na kapteni ndani yake, na wote walilisikia hilo. Bi Birika akalitupia jicho koti la msumarini, akakiona kifungo cha shaba, akayaondoa macho upesi. Akammiminia Mkunjo kahawa ingawa kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

— Kunywa, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu.

— Mbivu nayo ikikaa sana huoza, Breki akasema, akapigwa kiwiko na Hakimu.

— Hodi hapo.

Nesi alikuwa amesimama pembeni mwa ukuta, kapu mkononi. Amesimama hapo tangu saa ngapi, hakuna aliyejua.

— Aa, shemeji! Karibu, karibu!

— Asante. Shikamoo, Bi Birika.

— Marahaba, mwanangu. Hujambo?

— Sijambo. Nimefuata koti langu, zahanati wananitaka leo mchana. Mmefika wapi? Analia nini?

— Ah, upuuzi tu, shemeji, Breki akasema. Mambo ya runinga.

— Nimewasikia. Nami nina swali, moja tu. Aliporudi, nani alimwuliza habari za huko?

Breki akafumba macho, akaipitisha sehemu yote kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha njiani.

— Mumewe alisema karibu.

— Ndiyo.

— Akasema pole.

— Ndiyo.

— Akasema kaa ule, kitapoa...

Hakimu akajaribu kwa vidole. Jirani alimwambia amekonda. Mama mkwe alimwambia walimwombea. Vidole vikaisha kazi, mkono ukarudi gotini. Bi Birika alikuwa akikifuta kikombe kikavu.

Mkunjo alikikumbuka kituo cha basi. Mkewe aliposhuka na begi lake, yeye alimwuliza, "Habari za safari?" Akajibiwa, "Nzuri." Na safari ni basi, vumbi na viti vibovu. Za huko hakuuliza siku ile wala siku nyingine. Mtaani ilikuwa vivyo hivyo. Bi Birika ndiye aliyepitisha neno, palepale kwenye benchi: tumwacheni apumzike, tusimkumbushe. Wote wakaona ni busara. Mtu akitoka sokoni wanamwuliza habari za huko. Akitoka kumtazama mgonjwa mtaa wa pili, wanamwuliza. Huyu ametoka vitani, wakamwambia amekonda.

Mkunjo akaiondoa pasi kwenye shati, akaiweka juu ya kigae chake. Akajifuta mikono, akatoka nje, akasimama mbele ya mkewe kama mtu anayempokea mgeni aliyeshuka sasa hivi.

— Mke wangu. Habari za huko?

— Nzuri, akasema.

Ndivyo inavyojibiwa. Hata aliyefiwa husema nzuri kwanza. Benchi likangoja neno linalofuata, kwa sababu kila mtu hapo alijua kwamba habari yenyewe huja baada yake.

— Ila yule mwenye kifungo kile, akasema, akilionyesha koti kwa kidevu, alinishika hapa kifuani mpaka changu kikakatika. Alikuwa kijana tu, majeruhi. Akaomba radhi. Akaking'oa cha sare yake akanipa, akasema nesi hawezi kutembea koti wazi. Akaniomba nikifika nyumbani nilitaje jina lake, hata kwa mtu mmoja, lisibaki kule peke yake. Nikamwahidi, naye hakuiona asubuhi.

Akalihamisha kapu kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

— Tangu nirudi sijapata wa kumtajia.

Mkunjo akalichukua lile kapu. Breki akasogea mpaka ukingoni. Hakimu naye akasogea, pakapatikana nafasi ya watu wawili. Bi Birika aliliinamisha birika juu ya kikombe na halikutoka kitu. Siku zote kahawa ikiisha benchi huvunjika. Siku hiyo hakuna aliyeinuka, isipokuwa Hakimu, na yeye aliinuka ili avue kofia.

— Litaje, mwanangu, Hakimu akasema.

Nesi akalitaja. Lilikuwa jina fupi. Hakimu akageukia barabara, akajiweka sawa kama zamani mlangoni pa mahakama, akaliita mara tatu.