Bastola Mbili, Leseni Moja

REDEMPTA: Haloo? Simeoni? Usinikatie simu nikiwa naongea.

SIMEONI: Sikukata, dada, ni mtandao. Huku Mkiwa mpaka upande juu ya kichuguu. Shikamoo.

REDEMPTA: Marahaba nilishakupa kabla haijakatika. Nijibu. Unaipeleka polisi au huipeleki?

SIMEONI: Kwa nini iende ya kwangu? Mzee alituachia bastola mbili, kila mtu na yake. Peleka hiyo yako.

REDEMPTA: Yangu ina leseni. Msamaha wa silaha unaisha leo saa sita, na sasa ni tano na nusu. Baada ya hapo, atakayekutwa na bastola bila karatasi ni jela. Wewe huna karatasi.

SIMEONI: Lakini nina bastola. Wewe una karatasi tu. Haloo?

REDEMPTA: Nipo. Rudia hilo neno.

SIMEONI: Nasema zote mbili zinavunjika katikati, ukibonyeza komeo mtutu unainama, risasi zinatoka. Ila bastola yangu, huyu Mmarekani, akifungwa, amefungwa. Huyo Mwingereza wako komeo lililegea mzee akiwa hai.

REDEMPTA: Mmarekani wako ni kiberiti. Risasi tano. Wangu anameza sita.

SIMEONI: Anazitapika pia. Muulize mwizi wa kuku.

REDEMPTA: Nani kakwambia?

SIMEONI: Binti yako, Scola. Ulimnyooshea mwizi, ukamwamuru asimame, bastola ikavunjika yenyewe, risasi zote zikamwagika miguuni pake—

REDEMPTA: Nne tu.

SIMEONI: —akaziokota, akakupa kwa mikono miwili, akasema shikamoo mwalimu.

REDEMPTA: Nilimfundisha darasa la tatu. Nikamwitikia, ningefanyaje? Akaondoka na jogoo. [mkwaruzo] Na wako je, siku ile ya fisi?

SIMEONI: Ndani ya mtutu mlikuwa na nyigu.

REDEMPTA: Wakamuuma nani?

SIMEONI: Mimi. Fisi alikaa akatazama.

REDEMPTA: Basi nisikilize. Nimesimama nje ya kituo cha polisi, hapa mjini. Mwingereza yumo kwenye kikapu chini ya mchicha, leseni iko mkononi. Nikiingia kuionyesha wataniuliza ya pili iko wapi, maana nusu ya Singida inajua mzee alikuwa na mbili. Mimi ni mwalimu mkuu. Nikikutwa nadanganya, kazi imekwisha, na Scola bado yuko sekondari.

SIMEONI: Hiyo leseni umewahi kuisoma?

REDEMPTA: Mzee aliishona ndani ya nailoni, akasema isifunguliwe mpaka serikali iulize. Upande unaoonekana unasema leseni, jina lake, halafu B.S.A. Hiyo ni kampuni ya bunduki ya Waingereza. Nembo yao ni bunduki tatu zimesimamishwa pamoja. Bastola yangu maandishi yamefutika, lakini karatasi inaongea.

SIMEONI: B.S.A.?

REDEMPTA: Usicheke.

SIMEONI: Sicheki. Serikali ndiyo hiyo imeuliza, dada. Fungua usome.

REDEMPTA: Ngoja. [nailoni inachanika] Ni Kiingereza. Namba ya fremu... huo ni mwili wa bastola. Rangi nyeusi, kweli. Breki, mbili. Kengele, moja.

SIMEONI: Dada?

REDEMPTA: Kengele, Simeoni.

SIMEONI: Na taa je, inayo?

REDEMPTA: Wameandika haiwaki.

SIMEONI: Ni mimi niliivunja, nikitoka Ihanja na gunia la alizeti. Hizo bunduki tatu zilikuwa pale mbele, chini ya usukani. Bastola mzee alizitupa darini. Baiskeli alikuwa akiifuta kwa kanga ya mama.

REDEMPTA: Miaka kumi na minne nimelala juu ya bastola, nikijiambia mimi ndiye mwenye leseni. Na diploma yangu ukutani.

SIMEONI: Rudi nyumbani kwanza, tufikirie.

REDEMPTA: Tumefikiri miaka kumi na minne, umeona tulichopata. Mimi naingia. Na wewe teremka kwenye hicho kichuguu, umpeleke Mmarekani kituo cha polisi cha hapo barabarani. Sasa hivi.

SIMEONI: Kubali kwanza kwamba wangu ndiye bora.

REDEMPTA: Bora kwa nyigu.

SIMEONI: [anacheka] Haya, ninaye mfukoni. Natembea. Unasikia kokoto?

REDEMPTA: Nasikia. Salio langu linalia, usikate. [mlango] Habari za kazi, afande. Nimeleta silaha ya marehemu baba, imo humu chini ya mchicha. Ishike taratibu, komeo lake— [vyuma vinadondoka sakafuni]

SIMEONI: Sita?

REDEMPTA: Nne. Afande anaziokota. Anauliza kama nina karatasi yoyote.

SIMEONI: Mwambie huna, dada, mwambie—

REDEMPTA: Nimeshampa. Anaisoma kwa sauti, kituo kizima kimenyamaza. Wewe tembea. Sasa amefika kwenye ken—

[salio limekwisha]