Matoazi Yaliyopotea

Ndani ya treni ya kwenda Nakano watu hunyamaza, ndiyo maana niliwasikia vizuri. Mzee mmoja alipakata amplifaya tatu ndogo za hedifoni, kila moja imefungwa kwa taulo lake. Dada aliyekaa ubavuni mwake alimuuliza anazipeleka wapi.

"Dukani, nikazilinganishe na yao mpya. Kule wananijua, taja tu jina langu, Kuramochi. Hizi zote zimeua mlio wa matoazi. Wimbo wangu wa kupimia mashine nimeusikiliza miaka thelathini. Matoazi yalikuwepo, sasa hayapo."

"Na hedifoni je, babu?"

"Nimebadilisha mara nne." Alisema kwa fahari, mkewe, kama anaye, sijui alisemaje kuhusu gharama hizo.

Dada akamgeukia. "Samahani, babu, una miaka mingapi?"

"Sabini na sita."

"Basi huenda kilichochakaa si amplifaya. Sauti nyembamba, kama za matoazi, ndizo za kwanza kuyahama masikio."

Mzee aliyakaza mataulo yake, moja baada ya jingine. Nikadhani ameudhika.

"Hilo nalijua tangu amplifaya ya kwanza, mjukuu wangu," alisema. Treni ikasimama Nakano. Akainuka, akakumbatia mzigo wake. "Ila za dukani bado sijazisikiliza zote."