Dole Gumba Kwenye Keki ya Harusi

Ndugu zangu wa usharika, asifiwe Mwokozi aliyeitoa mikono yangu kwenye keki!

Najua baadhi yenu mtacheka kusikia mtu anasimama mbele za Bwana kueleza habari za keki. Chekeni tu. Ila mkimaliza, itazameni mikono hii. Mnaona? Imetulia. Miaka miwili iliyopita nisingeweza kusimama hapa bila kuvuta kola, kufunga kifungo, kukifungua, kukifunga tena. Nimekuja kuwaeleza jinsi ilivyotulia, na sitaficha neno, maana kuficha ndiko kulikotaka kuniua.

Mimi ni Eliamini, mzaliwa wa hapa hapa Mamba. Walionijua utotoni wanakumbuka kwamba nikitumwa maji, nikaona chembe moja ya mchanga ndani ya kibuyu, niliyamwaga yote nikarudi kisimani. Kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kusafisha mfereji, wenzangu walikuwa wamekwisha kula makande na kuimba, mimi bado nalainisha ukingo wa kipande changu kwa kiganja. Watu wakasema, "Kijana huyu ni msafi." Ndugu zangu, haukuwa usafi! Ilikuwa hofu. Niliamini kwamba siku mtu atakapoona kosa langu moja, hataona kitu kingine kwangu tena maisha yote.

Aliyenitafutia kazi Same alikuwa Mzee Senzota. Mnamjua, ameketi pale benchi la tatu, na leo hajui atazame wapi. Wakati ule alikuwa dobi katika nyumba ya meneja wa shamba moja la mkonge, kule chini kwenye joto. Alikuwa amepiga pasi katika nyumba ile kabla mimi sijaota meno. Alinishika mkono, akanipeleka mbele ya Memsabu, mke wa meneja, akasema, "Huyu ni mtoto wa mlimani kwetu. Namdhamini." Kumbukeni neno hilo.

Niliingia kama mwosha vyombo, nikapanda mpaka upishi. Keki za kawaida Memsabu alinionyesha. Lakini siku moja niliona picha katika gazeti lake: keki iliyofunikwa kwa chokoleti laini kama shuka iliyotandikwa, na juu yake maua yaliyofinyangwa kwa chokoleti hiyo hiyo. Maneno ya chini yake yalikuwa ya Kiingereza, nami nilisoma moja nikaruka matano. Sikuwa na mwalimu. Nilijifunza kwa kuharibu.

Wenye majiko na wajue: chokoleti huyeyushwa juu ya mvuke wa maji, si juu ya moto wenyewe. Kisha unamimina sirapu, ile asali ya miwa ya kopo, ikiwa vuguvugu. Unakoroga kidogo tu. Itaanza kujikusanya na kuachana na bakuli, kama ugali unaoiva. Hapo acha! Ifunge kwenye karatasi, ilaze mpaka kesho. Kesho utaikuta ngumu kama sabuni ya mche. Ikande taratibu italegea, isukume kwa chupa, ifunike keki. Inayobaki unafinyanga upendavyo. Lakini ina sharti moja. Joto la mkono ni adui yake. Ukiigusa mno inatoa mafuta, na ikishatoa mafuta inakatika. Na sisi wa milimani tumelelewa tofauti. Ugali ukikaidi, kaza mkono! Udongo ukikaidi, kaza mkono! Kwa hiyo mtajua nilivyoharibu nyingi kabla ya kupata moja.

Basi ikatangazwa harusi ya binti wa Memsabu. Chokoleti ikaja kwa treni kutoka Tanga ndani ya makopo, ikawekwa kwenye mtungi uliozikwa katika mchanga uliolowa maji, isiyeyuke. Binti alitaka keki ifunikwe yote, na juu yake usimame mmea wa mkonge wenye majani yake makali na mlingoti wake katikati, kwa kuwa alikulia kati ya mikonge. Harusi ilikuwa Jumamosi. Memsabu akaniambia, "Eliamini, wageni wanatoka mpaka Moshi. Usiniaibishe."

Nililirudia neno hilo kila nilipokanda.

Alhamisi, kabla jua halijapanda, niliifunika. Ilikaa vizuri! Majani ya mkonge nilikuwa nimekwisha kuyaviringisha moja moja, nikayapanga. Mzee Senzota alikuwa barazani, nje ya dirisha la jiko, akipiga pasi vitambaa vya meza kwa ile pasi yake ya mkaa. Akachungulia. "Eh, mwanangu! Hiyo keki au jeneza la chifu? Imependeza mno."

"Shikamoo, baba. Bado haijaisha."

"Marahaba. Imebaki nini?"

Kilichobaki kilikuwa kikunjo kimoja upande wa nyuma, chini, kifupi kuliko ukucha. Upande ambao ungeelekea ukutani! Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kukiona, na nikikiona kitu siwezi kukiacha. Nikakipitishia dole. Kikahama. Nikakifuata. Pale nilipogusa pakang'aa kama uso uliopakwa mafuta. Nikafuta kwa kitambaa, pakawa na michirizi. Nikafuta michirizi. Jua likapanda, viganja vyangu vikatoka jasho. Kila mara nilijiambia: mara moja tu, ya mwisho. Nilisema mara ya mwisho labda mara arobaini.

Shuka ikachanika. Kipande cha upande mzima kikateleza, kikaegemea sahani, na mkonge wangu ukainama, majani yakadondoka mezani. Hapo hapo mlango ukafunguka.

Memsabu akasimama. Hakupaza sauti. Akasema, "Nani amefanya hivi?"

Ndugu zangu, nasema mbele zenu na mbele ya mtu mwenyewe. Sikufikiri hata kwa nafasi ya pumzi moja. Mkono wangu ulinyooka wenyewe kuelekea dirishani, na mdomo wangu ukasema, "Ni pasi, Memsabu. Mzee Senzota aliingiza pasi ya mkaa akaiweka hapa mezani."

Mzee Senzota akatazama kupitia dirisha, pasi ingali mkononi. Akasema polepole, "Eliamini. Pasi hii imeingia humo lini?"

Nikaanza kuokota majani ya mkonge mezani.

Ilikuwa ni mwezi ule ule Mzee alipounguza shati jeupe la Bwana meneja. Memsabu alikuwa bado ana hasira hiyo. Akasema, "Umezeeka, Senzota. Kesho asubuhi utachukua cheti chako cha kazi uende." Na cheti chenyewe kingeandikwa: mzembe, ameharibu mali. Nani angemwajiri dobi mzee mwenye cheti hicho? Angepanda mlima huu na jina bovu, baada ya miaka yote ile, kwa ajili ya kikunjo kifupi kuliko ukucha. Na yeye ndiye aliyenidhamini!

Mtaniuliza, "Ulijisikiaje?" Nitasema kweli ingawa inaniaibisha. Kwanza nilipata nafuu. Kosa halikuwa langu tena. Nikayeyusha chokoleti iliyobaki, nikatia sirapu, nikaifunga, nikailaza. Nafuu ile haikufika hata jioni. Nikajaribu kuomba, kila nikisema "Baba yetu" nasikia, "Imeingia humo lini?"

Ijumaa asubuhi Memsabu akaketi kwenye meza ya jiko na karatasi. Kwa kuwa Mzee hajui kuandika, alitakiwa kutia dole gumba. Mimi ndimi niliyeagizwa kuleta kisanduku cha wino. Mimi! Nilikileta, nikamfungulia Mzee kifuniko.

Mzee akabonyeza dole kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi. Likatoka doa jeusi tupu. Hakuna mstari hata mmoja.

"Tena," akasema Memsabu.

Akarudia. Doa tupu, laini kama kokwa.

Mzee akalitazama dole lake, akacheka kidogo, cheko la mtu asiye na kingine cha kufanya. "Niwie radhi, Memsabu. Pasi yako imenipiga pasi hata kidole."

Ndugu zangu! Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Sikuona nuru. Nilichofanya ni kugeuza macho yangu yasimwone yule mzee, yakaangukia sahani ya pembeni, pale nilipokuwa nimerundika chokoleti iliyoharibika. Ilikuwa imeganda tangu jana. Na ilikuwa imejaa alama za madole. Juu, chini, kila upande, madole gumba yenye kila mstari wake. Na katika kila moja ulipita mkato mmoja wa mshazari.

Mkato huu hapa. Nilijikata kwa mundu nikiwa mdogo, nikikata majani ya ng'ombe. Nimekuwa nikitia sahihi uongo wangu Alhamisi nzima bila kujua! Mzee asiye na mstari hata mmoja anaondoka kwa kosa lenye mistari yangu yote.

Nilijua naweza kukaa kimya. Hakuna aliyekuwa ameiangalia ile sahani. Ningeifinyanga mara moja tu na alama zote zingekwisha. Mkono ukaanza kwenda, kwa mazoea yake ya kufuta. Hapo ndipo nilipolia ndani yangu, "Bwana Yesu, ushike mkono huu!" Na ukasimama, ndugu zangu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mkono huu uliona kosa, ukaliacha mahali pake.

Nikaichukua ile sahani, nikaiweka mbele ya Memsabu, nikapiga magoti. "Memsabu, hakuna pasi. Niliigusa mno mwenyewe. Tazama." Nikatia dole langu kwenye wino, nikalibonyeza karibu na doa la Mzee.

Akatazama karatasi. Akatazama sahani. Akanitazama mimi. Kisha akaichana karatasi ile mara mbili. Akamwambia Mzee Senzota, "Nisamehe." Sikuwahi kusikia Memsabu akimwambia hivyo mtu wa jikoni, wala sikusikia tena. Kwangu akasema, "Keki itakuwa tayari kesho. Utaifanya Senzota akikutazama. Yeye ndiye atakayesema imekwisha. Si wewe."

Akatoka. Tukabaki wawili. Nilimshika Mzee miguu, nikasema, "Baba, nimekukosea." Nikafikiri, hatanisamehe, na haki ni yake. Ndipo akasema, "Inuka. Unailowesha suruali kwa machozi, na mimi ndiye nitakayeipiga pasi."

Nikacheka nikilia. Akavuta kigoda.

Niliikanda chokoleti, nikaisukuma, nikaifunika keki. Nikapanda mkonge mpya. Na ndugu zangu, kikunjo kikaja! Upande ule ule wa nyuma, chini. Mikono ikaanza kwenda.

"Toa mikono," akasema Mzee.

"Baba, kuna kikunjo..."

"Nakiona. Toa mikono. Unafikiri lile shati la Bwana nililiunguza kwa uvivu? Nilirudia. Kola ilikuwa nzuri, nikataka iwe nzuri zaidi. Pasi hutakiwa kupita mara moja, iondoke. Na wewe umekulia kwenye mfereji, hujui? Ndiva haijai kwa kuchunguliwa."

Ndiva zetu, yale mabwawa ya maji ya mashamba! Unaziba jioni, unakwenda kulala, maji yanakusanyika yenyewe, asubuhi unazibua. Hakuna mwanadamu anayekesha akiyasukuma kwa mkono. Nimekula mahindi ya maji yale tangu kuzaliwa, na sikuwahi kuelewa. Nilirudisha mikono yangu nyuma, nikaifungia mgongoni, mmoja umeshika mwenzake. Ikatulia. Ilikuwa imechoka, ndugu zangu, imechoka tangu enzi za kibuyu.

Keki ikaenda harusini na kikunjo chake. Nilisimama mlangoni nikingoja mtu apige kelele. Bibi harusi akaizunguka, akafika nyuma, akakiona. Najua alikiona, maana aliinama. Kisha akakata kipande pale pale penye kikunjo, akala. Basi. Dunia haikuanguka.

Sitawadanganya kwamba sikulipia. Mwisho wa mwezi Memsabu aliniachisha. Cheti changu ninacho mfukoni, na nikiombwa nakisoma: "Mpishi hodari sana. Alidanganya mara moja. Alikiri mwenyewe." Wengine waliniambia nikichome. Sikichomi! Hicho ndicho kipande cha maisha yangu ambacho hakuna mtu atakayenivumbulia.

Mzee Senzota alibaki na pasi yake mpaka alipochagua mwenyewe kupumzika. Baba, asante. Nilikuomba ruhusa nikutaje, ukasema, "Taja, ila usiniongezee sifa." Sijaongeza.

Ndugu zangu, huenda umo humu ndani nawe unalo dole lako mahali, unaamka kila asubuhi kulifuta, na kila unapolifuta linaacha lingine. Au umemnyooshea mwingine kidole ili usionekane wewe. Nakusihi, usifute tena. Lilete lilivyo, na wino wake. Yule aliyetuumba kwa udongo hashangazwi na alama za vidole. Mwamini. Toa mikono, umwachie Yeye.

Ile keki iliyopo mezani, ya sikukuu ya mavuno, nimeifunika mimi. Ina kikunjo upande wa nyuma. Mtakaokiona, msinyamaze kwa huruma, njoni mniambie. Nitawakatia hapo hapo.