Vioo vya Chumba cha Chini

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Makumbusho, Ndugu Mkurugenzi, wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe mume wangu uliyejibanza karibu na feni: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimekatiwa keki, nimepewa saa ya ukutani, na Mkurugenzi amenisifu mpaka nikageuka kutazama anamsema nani. Nashukuru kwa dhati. Lakini keki hii siili huku lori likisubiri uani. Wageni wetu, huenda hamjui limekuja kubeba nini. Limekuja kubeba picha za kwanza za vitu vya jumba hili, zilizopigwa kwenye vioo vya kamera za zamani kabla wengi wetu hatujazaliwa: mabakuli ya Kiislamu yaliyonakshiwa, vigae, mimbari, milango ya kuchongwa. Bodi imeamua zikatupwe, ili chumba cha chini kiwe mgahawa. Tunaambiwa nakala zimo kwenye kompyuta, basi vioo vya nini?

Ndugu Mwenyekiti, nitakujibu kwa upole, ingawa nyumbani kwangu wanasema upole wangu ndio unaotisha.

Mnaukumbuka moto ulioteketeza ule ubao wa mimbari, wenye maandishi na maua? Tulimwita fundi mchongaji, yule dada aliyeketi mstari wa nyuma, atuchongee mwingine. Tukampa nakala ya kompyuta. Akakunja uso, akasema anaona ukungu tu. Nikamshusha chumba cha chini, nikampa kioo chenyewe na lenzi. Alikiinamia hadi nikadhani shingo imemkwama. Kisha akaniambia, "Mama, hapa patasi ilimponyoka fundi wa kwanza. Akaona haya, akaligeuza kosa kuwa jani."

Mtu amekufa karne nyingi zilizopita, na dada huyu anamcheka kama jirani yake! Ubao mpya ndio huu nyuma yangu, na jani lile limo. Mtasema tupige nakala bora zaidi. Tupige, sipingi. Lakini tutanakili nini tukishavunja?

Nimeyasema haya vikaoni, nikaambiwa mama unastaafu, pumzika. Leo nayasema hadharani.

Ndugu Mwenyekiti, funua kitambaa kilicho mbele yako. Hicho ndicho kioo cha ubao ule, na hakina mwenzake popote. Kama kweli ni takataka, kwa nini umwachie kibarua wa lori kazi hiyo? Kivunje wewe, hapa, sote tukikuona. Sakafu ni ya saruji, hakitakusumbua.

Tunasubiri.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tafadhali usimsaidie.

Naona umekinyanyua, Ndugu Mwenyekiti. Naona umekielekeza dirishani, na unatafuta jani; lipo upande wa kushoto, chini kidogo ya maandishi. Naam, hapo hapo. Na sasa unakirudisha mezani kwa mikono miwili, taratibu, wala hakuna aliyekuambia kwamba vioo hivi hushikwa hivyo.

Unasemaje, Ndugu Mwenyekiti? Samahani, sema kwa sauti, walioko nyuma hawajasikia.

Mmesikia? Amesema vinabaki.

Ahsante. Mabibi na mabwana, nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Sasa naweza kuondoka.